Nywele Ulizozikata Asubuhi ya Harusi Yangu

Faida mwanangu,

Ukikuta doa la mafuta juu ya karatasi hii, usishangae. Nimeketi karibu na mbabula ya makaa, kichwani nina avoka iliyopondwa na mafuta ya mise, juu yake sashe, ule mfuko wa plastiki, juu ya sashe kitambaa nilichokikamua katika maji ya moto, na kila nikiinama kuandika mafuta yanatafuta njia nyuma ya sikio. Wewe uko kwa ndugu za baba yako, mnafunga mizigo ya safari na shangazi yako aliyevuka ziwa kuja kukuchukua. Ukirudi nitakupa barua hii mkononi, uisome leo, kwa sababu kesho ufukweni baba yako mkubwa atakuuliza lile swali mbele ya watu, na mimi nataka uwe umenisikia kwanza. Kwa mdomo siwezi. Tangu harusi, nikianza kusema nawe unageuza uso, nami naishia kukuuliza kama umekula.

Mambo ya kula, ya sabuni, ya kuamka mapema, ya kumsaidia shangazi yako kule Kigoma, sitayaandika. Yeye mwenyewe atakuambia, na wewe unayajua kuliko nilivyoyajua mimi nilipokuwa na umri wako.

Swali la baba yako mkubwa umelisikia. Alilisema hapa hapa nyumbani, ameketi, kofia juu ya goti: "Mutoto akivuka, ajue kwake ni wapi. Atarudi kwa mama yake wakati ya likizo, ao atabaki kwetu moja kwa moja?" Kwetu maana yake kwa ukoo wa marehemu baba yako. Sikumjibu vibaya, maana ni haki yake kuuliza. Mama akiolewa na mtu mwingine, ukoo wa baba unaweza kumchukua mtoto, na mtoto aliyefikia umri wako husikilizwa. Ukisema utabaki kwao, hakuna wazee watakaokaa kunirudishia. Ndiyo sababu maandishi yangu yanakwenda mrama leo, mimi niliyekuwa nikisifiwa mwandiko. Nilifika mwaka wa nne wa sekondari, nikafundishwa kuandika barua nzuri, na miaka yote hii sikuwa na wa kumwandikia. Sasa ninaye, na ni wewe, na ninaona afadhali ningebaki bila wa kumwandikia.

Natengeneza nywele jioni hii kwa ajili yako. Huku kwetu mwanamke asiyegusa kichwa chake anatangaza kilio. Kesho utaniangalia ukiwa ndani ya boti, na sitaki kichwa changu kiseme kwamba umekufa.

Sisi wawili tunakijua kichwa cha kilio. Baba yako alipofariki kule Fizi, msimu ule dispansere imefungwa na dawa hazipandi tena kutoka ziwani, bamama walituketisha jikoni wakatunyoa, mimi kwanza, kisha wewe. Ulikuwa mdogo, ungeweza kuachwa. Wewe ndiye uliyekataa kuachwa. Ulikaa juu ya kinu kilicholazwa na ukasema, "Na mimi pia." Sijasahau namna masikio yako yalivyoonekana makubwa baada ya pale.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa haraka na nywele zako. Nilizichana kavu, Jumapili asubuhi, kengele ya kanisa inalia na wewe unalia kuliko kengele. Baba yako alikuja na kikombe cha maji. "Mama Faida, lowanisha kwanza. Mutoto hakukukosea kitu." Kisha alikushika mikono yote miwili akakuhesabia kwa Kifaransa, kama darasani kwake, na nilipofika mahali pabaya pale nyuma ya sikio aliruka namba makusudi, ili wewe uache kulia umkosoe. Ulikuwa unamkosoa kwa hasira ya kweli. Mimi nilimaliza upande mzima hujajua.

Mwaka wa kilio ulipotimia tulikuwa tumeshashuka hapa Baraka. Shangazi yako mwenyewe alivuka ziwa kuja kutuondolea kilio. Aliniosha kichwa, akaacha mkono wake juu yangu, akasema, "Inatosha, wifi. Sasa fuga nywele. Kaka yangu hakuoa mwanamke wa kipara." Watu wakacheka. Wewe ukatoka nje.

Basi nikafuga. Zikarudi ngumu na kavu, zinavunjika kwenye kichanuo kama maganda ya mahindi. Kutengeneza nywele kwa sashe nilijifunza kwa kukosea. Mara ya kwanza sikuiponda avoka ikalainika, vipande vikanikaukia kichwani, na siku nzima nilionekana mtu aliyemwagiwa ugali. Mara nyingine nilitumia sashe iliyokuwa imebebea ndagala, nikaiosha juu juu. Ulihamia upande wa pili wa nyumba ukasema, "Mama, mapaka ya Baraka yote banakufuata." Nakumbuka tulicheka sana, wewe na mimi. Wakati huo barabara zilikuwa zimefungwa na sashe nzima ilikuwa kitu cha kutunzwa. Tuliziosha na kuzianika kwenye kamba kati ya mashati.

Kidogo kidogo nikaelewa. Mafuta ya mise, yale meusi yanayotoka kwenye kokwa za mawese, hayapendi moto. Unasimamisha kikombe chake ndani ya maji ya moto yapate uvuguvugu tu. Unaanza kupaka kwenye ncha, maana ncha ndizo nywele za zamani, ndizo zilizopata taabu nyingi. Sashe unaifunga iishie juu ya masikio, bila kuyafunika. Halafu unakaa. Hapo ndipo nilipokuwa nikishindwa. Plastiki yenyewe haileti kitu chochote; inazuia tu joto la kichwa chako lisiondoke, na joto hilo ndilo linalofanya nywele zipokee mafuta. Mimi nilikuwa nafungua kila mara nione kama zimekubali, na kila nikifungua joto linakimbia, naanza upya. Nimekuwa hivyo katika mengi, mwanangu. Nilitaka kuona kabla ya wakati.

Siku masasi ya bunduki yalipolia upande wa chini wa mji, nilikuwa nimekaa hivi hivi nilivyokaa sasa. Nilikushika mkono, nikashika chungu kwa mkono mwingine, tukapanda njia ya milimani pamoja na watu wote. Kitambaa kilianguka njiani. Sashe ikabaki inang'aa juani. Sikuweza kuitoa, maana maji hayakuwapo, na bila maji ningepanda mlima nimepakwa uji wa kijani mpaka shingoni. Tukalala nayo. Asubuhi ilikuwa imeanza kunuka uchachu, na watu waliokaa karibu nasi walikuwa wananitazama kichwani na kuangalia pembeni, kwa heshima.

Ndipo akaja yule mtu mwenye mashini ya kushona kichwani. Aliishusha chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akakaa, akafuta jasho, akaniangalia.

"Mama, samahani. Ile iko kwa kichwa yako ni dawa?"

"Ni avoka."

"Avoka ya kula?"

"Na mafuta ya mise."

Akatazama watu wote pale, kila mmoja na kile alichowahi kukichukua. "Basi hapa hakuna mutu atakufa na njaa. Mama iko na avoka na mafuta. Nani alikimbia na chumvi?"

Nilicheka, Faida. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, na wengine wakacheka, hata yule bibi aliyekuwa akimlilia mbuzi wake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka kwa sababu ya mwanamume tangu tumzike baba yako, na wewe uliona. Hukucheka. Uliniangalia kama mtoto aliyemkuta mama yake anaiba. Niliyaona macho yako, na nikaendelea kucheka.

Kesho yake alikuja na bido ndogo ya maji. Alikuwa ameshuka mbali kwenye kijito kuchota, na hayo ndiyo maji yote aliyokuwa nayo. Akasema, "Osha kichwa, mama. Ya kunywa nitarudi kuchota." Alinimiminia polepole, uso ameugeuzia mlimani kwa heshima, na kwa kuwa hakuangalia alimwaga nusu ndani ya sikio langu. Sijui kama kuna namna nzuri zaidi ya mtu kuanza kupendwa. Nywele zilitoka laini sana. Nilizishika nikaona aibu, laini namna ile katikati ya balaa.

Najua hupendi kuyasikia haya. Nivumilie mara hii moja, halafu sitarudia. Nimeolewa na yule mtu wa mashini miezi michache, na bado nikisikia mashini ya Asukulu inalia pale barazani moyo unanienda mbio kama msichana wa shule. Akinipitia nikisonga ugali ananyoosha kola yangu, ambayo haijapinda. Akishona nguo za watu anabakiza vipande vyekundu, kwa sababu siku moja nilisema napenda nyekundu, nami sasa nina mto wa vipande vyekundu ambao haufanani na kitu chochote. Ninafurahi, mwanangu, na furaha hii ina shimo katikati lenye ukubwa wako. Ninapika, ninaimba, halafu naona kijiko chako kimelala kikavu na wimbo unakatika.

Asukulu anamjua baba yako kwa masimulizi yangu. Hata ile hesabu ya Kifaransa anaijua. Siku moja aliniuliza, "Alikuwa anaruka namba gani?" Sikujua. Mimi nilikuwa nyuma ya kichwa, na kichanuo. Wewe peke yako ndiye unayejua.

Kitambaa kimeanza kupoa. Nimekichovya tena kwenye maji ya moto na kukikamua, na sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Jioni ya kuamkia harusi nilikuita ukae mbele yangu. Sikukuuliza kama unataka. Nywele zako zilikuwa zimerudi nzito kuliko zangu, nami tayari nilikuwa nakuona kanisani, umeng'aa, watu wananiambia, Mama Faida, mutoto amependeza. Nikakupaka avoka na mise, nikakufunga sashe safi niliyokuwa nimeificha kwa kazi hiyo, nikakuketisha karibu na moto. Ulikaa kimya kabisa. Nikadhani umekubali. Nilikuwa nikiongea mimi tu, kuhusu gauni, kuhusu kwaya, kuhusu Asukulu alivyomaliza mikono na bado pindo. Ulipooshwa nikakusuka mistari midogo midogo, na nilikuwa na furaha hata sikutambua kwamba nilipovuta kwa nguvu hukulia.

Asubuhi ulitoka nyuma ya jikoni umezikata zote. Ukaingia kanisani na kichwa cha siku ile ya Fizi, ukasimama mstari wa mbele. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtoto mwenye kichwa cha kilio ndani ya harusi ya mama yake amekwisha kusema. Tulipotoka, baba yako mkubwa alisema mbele yangu, "Mutoto ametuonyesha. Tutamusikiliza." Na shangazi yako alipotuma habari kwamba kuna nafasi ya shule kule Kigoma, mambo yakajipanga yenyewe.

Jioni ile nilikuambia umeniharibia siku yangu. Tangu wakati huo hukuniacha nikuguse kichwa tena.

Sasa sikiliza kilichotokea leo mchana. Nilikuwa ninamlalamikia Asukulu. Nikasema mengi, na katika mengi hayo nikasema, "Hata kukata kwenyewe alikata kwa hasira tu, ili nichekwe."

Akaacha kukanyaga mashini. "Hapana. Haikukatwa kwa hasira. Nyuma nilikata mimi."

Nilifikiri sikusikia. Basi akanieleza. Kwamba asubuhi ile alikuja mapema kumalizia pindo la gauni lako, akakaa nje kwa sababu bamama walikuwa wananivalisha. Kwamba makasi yake yalipotea, akayafuata, akakukuta nyuma ya jikoni, mistari yako imelala chini, mbele umekata na nyuma hukufika. Alidhani utakimbia. Hukukimbia. Ulimwambia, "Usiseme kitu."

"Siseme," akakujibu. "Lakini nyuma kumebaki. Nikumalizie?"

Ukageuka, ukainamisha kichwa.

Anasema aliogopa, maana makasi yale ni ya kukatia kitambaa kizito na sikio lako lilikuwa karibu. Akakata taratibu kama anavyokata duara la kwapa. Ndipo ukamuuliza, "Unajua hii ni ya nini?"

"Ni ya baba yako."

"Na hukasiriki?"

"Kama ningekufa mimi, ningependa mutoto wangu anifanyie hivi."

Halafu akazikusanya zote, akakuuliza pa kuzizika, ukamwonyesha kwa kidole.

Nilimuuliza kwa nini muda wote huu hakuniambia. Akasema, "Aliniomba nisiseme. Ni kitu kimoja tu ameniomba mupaka leo. Nilitaka niwe nimeshika hata hicho kimoja." Amekivunja leo kwa sababu aliniona ninalia. Ukitaka kukasirika, mwanangu, nikasirikie mimi niliyelia.

Nimekaa na jambo hili tangu mchana. Mimi nilikuona unanifungia mlango. Kumbe ulikuwa unamlilia baba yako peke yako, nyuma ya jikoni, wakati nyumba nzima inapiga vigelegele, na mtu pekee aliyesimama nawe ni yule niliyedhani unamchukia. Mimi mama yako nilikuwa ndani, ninajitazama kwenye kioo. Hakuna aliyenizuia kutoka nje nikutafute. Sikufikiri tu.

Kwa hiyo alasiri nilikwenda kwa baba yako mkubwa. Nilimwambia, "Kesho muulize. Na jibu atakalotoa, mimi nimelipokea kabla halijatoka." Akasema, "Hata akisema anabaki kwetu?" Nikasema hata hivyo. Akasema, "Utalia." Nikasema, "Nitalia nyumbani kwangu, nina mto wa kulilia." Akacheka kidogo, na unajua yeye si mtu wa kucheka.

Basi kesho, akikuuliza, usinitafute kwa macho kabla ya kujibu. Tazama maji, tazama shangazi yako, tazama popote. Sema kile kilichomo ndani yako. Kama kwako ni kule kwa ndugu za baba yako, kule wanakolisema jina lake kila siku, sema. Sitakufungia njia. Hakuna laana utakayobeba ndani ya boti ile, wala kisirani, wala neno langu lolote la kukuchoma ukilala.

Lakini usidhani kwamba nikikuachia basi sikutaki. Nina hamu nawe tangu leo, na bado hujaondoka. Nitakutafuta katika mambo madogo yasiyo na maana: namna unavyokwangua ukoko chini ya sufuria, ndara zako unazoziburuta, masomo unayoyasoma kwa sauti ukiuangalia ukuta kama ukuta ndio umefeli. Nitanunua avoka na mkono wangu utachagua ya watu wawili. Nitapita njia ya kwenda shule saa watoto wanatoka, na nitajiambia nilikuwa na shughuli huko.

Na kuna jambo moja zaidi, ambalo baba yako mkubwa hawezi kukuuliza kwa sababu halimhusu. Boti inayokupeleka hupeleka na watu wengine. Nilimwambia Asukulu kwamba ukisema hurudi, basi mimi ndiye nitakayekuwa navuka, hata mara moja kwa mwaka, hata vita vikiendelea. Nilitegemea aseme ziwa lina hatari siku hizi. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hakuinua macho.

"Tutaenda wote. Nitabaki kule ku port na mizigo. Wewe panda kwa mutoto. Akisema nije, nitakuja. Akisema nibaki, nitakuwa na kitu ya kushona."

Kwa hiyo ukijibu vyovyote utakavyojibu kesho, Faida, siku moja utasikia mtu anabisha kwa shangazi yako. Mlangoni nitakuwa peke yangu. Chini kule bandarini atakuwapo mtu ameketi juu ya mizigo, anashona, anasubiri neno lako. Lisipokuja siku hiyo, tutapanda boti turudi, na safari nyingine atakuja tena na kitu cha kushona.

Mimi mama yako, ninayekusikia sasa hivi unafungua mlango wa uani.